Nyamongo: Dhahabu, Mto Mara na tahadhari ya zebaki kwa familia

Tarime. Asubuhi katika vilima vya Nyamongo, baridi huwa bado haijaondoka pale karasha za wachimbaji wadogo zinapoanza kunguruma. Kwa mgeni hiyo ni kelele. Kwa wazazi wengi wa hapa ndiyo sauti ya ada ya shule, bati la nyumba na chakula cha jioni.

Nyamongo ni mji mdogo katika Wilaya ya Tarime, kwenye barabara ya kwenda Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Uko jirani na Mto Mara, unaoanzia milima ya Mau nchini Kenya, ukapita Maasai Mara na Serengeti kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Wakurya wa eneo hili wamekuwa wafugaji na wakulima wa ulezi, mtama na mihogo tangu zamani.

Dhahabu ilivyoubadili mji

Dhahabu ya Mara ilitafutwa tangu enzi za ukoloni. Hata ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kuna mahali panapoitwa Kilimafedha, palipowahi kuchimbwa dhahabu. Nyamongo wachimbaji wadogo walitangulia kwa nyundo na sururu, kisha mgodi mkubwa wa North Mara ukaanza uzalishaji mwaka 2002. Leo unaendeshwa na Barrick kwa ubia na Serikali, yenye hisa asilimia 16, kwa makubaliano yaliyosainiwa Januari 2020.

Mgodi ulileta ajira na biashara, lakini pia migogoro ya ardhi na fidia. Hapa ndipo lilipopata umaarufu neno "tegesha", yaani kujenga nyumba au kupanda mazao haraka kwenye eneo linalotarajiwa kuchukuliwa ili kulipwa fidia. Mwaka 2009, maji yenye tindikali kutoka eneo la mgodi yaliingia Mto Tigithe, na tangu hapo usalama wa maji umebaki swali la kila kaya.

Vya kuona ukiwa na watoto

Familia inayopita njia hii likizo haikosi cha kuona. Kati ya Julai na Oktoba, nyumbu huvuka Mto Mara eneo la Kogatende, kaskazini mwa Serengeti. Upande wa Mugumu kuna kijiji cha Robanda cha Waikoma, na karibu yake Fort Ikoma, ngome iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Kwenye sherehe za Wakurya, watoto wanaweza kusikia ritungu, ala ya nyuzi nane.

Kuna jambo jingine ambalo watoto huvutiwa nalo: mwalo, mahali mawe yaliyosagwa yanapooshwa ili kupata dhahabu. Hapo ndipo mzazi, awe mgeni au mwenyeji, anapopaswa kuwa makini.

Sumu isiyoonekana

Wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa moto ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, hivyo mtu anaweza kuuvuta bila kujua. Hukaa pia kwenye kuta, nguo na vyombo.

Zebaki hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Aliye hatarini zaidi ni mtoto aliye tumboni na mtoto mdogo, kwa kuwa ubongo wao bado unakua. Inayoingia mtoni inaweza kugeuka aina nyingine ya sumu na kujikusanya kwenye samaki.

Dunia ilijifunza hili kwa uchungu katika mji wa Minamata, Japani, ambako watu waliokula samaki wenye zebaki walipata ulemavu na wengine kufa. Mkataba unaobeba jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Mzazi afanye nini?

• Usichomee dhahabu ndani ya nyumba wala jikoni, na usitumie sufuria au kikaango cha chakula.

• Anayechoma atumie chombo cha chuma kilichofungwa kinachonasa mvuke, sehemu ya wazi, mbali na watu. Kitambaa puani hakizuii mvuke wa zebaki.

• Mjamzito, anayenyonyesha na watoto wasikae mwaloni wakati zebaki inatumika.

• Nguo za kazi zivuliwe kabla ya kumbeba mtoto, na zifuliwe peke yake.

• Zebaki isitunzwe kwenye chupa ya soda au dawa. Mtoto anaweza kuichezea.

• Ukiona mikono inatetemeka, usahaulifu usio wa kawaida, au mtoto anachelewa kukaa, kutembea au kuongea, nenda kituo cha afya na umweleze mhudumu kwamba nyumbani mnashughulika na dhahabu. Bila kuambiwa, huenda asiwaze zebaki.

Vumbi la karasha nalo huumiza mapafu na huongeza hatari ya kifua kikuu. Kumwagia mawe maji kabla ya kusaga hupunguza vumbi hilo.

Hakuna anayewaambia wazazi wa Nyamongo waache kazi inayowalisha. Lakini kuhamisha moto wa dhahabu kutoka jikoni hakugharimu hata shilingi, na kunaweza kuanza jioni ya leo.