Kabla ya kununua lupango ya kupangisha: mambo tuliyojifunza Likasi

Katika makusanyiko yetu ya Likasi kuna swali linalorudi kila mara baada ya ibada: nimeweka akiba kidogo, nataka nyumba ya kupangisha, nianzie wapi? Wanaouliza ni walimu wanaokaribia pensheni, mama wanaouza unga sokoni, na vijana wenye mikataba mifupi katika kampuni za migodi. Tumeona vizuri kuandika yale tuliyojifunza, mengine kwa hasara.

Mji wetu una historia yake juu ya nyumba. Tangu siku za Jadotville, mfanyakazi wa Union Minière, na baadaye wa Gécamines, aliishi katika nyumba ya kampuni, Panda au Shituru. Nyumba ilikuwa ya kazi, kwa hiyo wazee wetu wengi hawakufikiri kununua. Kisha mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, hapa, Lubumbashi na Kolwezi, waliondoka kwa ile tuliyoita depa volontere, wakapokea pesa yao mara moja. Tunawajua walionunua gari ya teksi, na gari ikafa. Tunawajua pia waliojenga vyumba viwili nyuma ya nyumba, na watoto wao wamesomeshwa kwa vyumba hivyo.

Jambo la kwanza la kuelewa: udongo hauuzwi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Unachonunua ni majengo na haki ya kutumia mahali yalipo. Mkongomani anaweza kupewa haki isiyo na mwisho. Mgeni au kampuni hupewa ya miaka 25, nayo inaweza kuongezwa. Na haki hiyo inasimama kwa karatasi moja tu, ile sertifika inayotolewa na konsevateri wa hati za nyumba. Barua ya kuuziana yenye muhuri wa chefu wa kartie, fishi ya lupango, livre de logeur ya babu: zote zinasaidia kuonyesha njia mali ilikopita, lakini peke yake hazikufanyi kuwa mwenye lupango mbele ya sheria. Sertifika ikipita miaka miwili, haipingwi tena kwa urahisi.

Ndugu mmoja wa kusanyiko letu hakujua hayo. Alinunua lupango upande wa Kikula kwa akiba ya miaka sita, akapewa barua yenye mihuri mitatu. Alipoleta matofali akakuta mtu mwingine ameshachimba msingi, naye ana barua yenye mihuri ileile. Muuzaji hakuonekana tena. Hakuna aliyekwenda kwanza kadastri kuuliza lupango iko kwa jina la nani, kwa sababu muuzaji alikuwa mtu wa kuaminika, na tena Mkristo. Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, muuzaji alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, lakini alipima fedha mbele ya mashahidi, na hati zikawa mbili, moja ya wazi na moja yenye muhuri, zikawekwa katika chombo cha udongo. Nabii hakusema: huyu ni wa ukoo, tutaelewana.

Kuna swali lingine ambalo kadastri haitakujibu yote. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao hapa Likasi. Maelfu walilala kwenye stesheni ya treni wakingoja njia ya kuondoka. Nyumba nyingine ziliuzwa kwa bei ya kutupa, nyingine zilichukuliwa bure, na tangu hapo zimeuzwa tena. Ukionyeshwa nyumba ya bei ndogo kuliko jirani zake, uliza nani alikaa humo kabla ya mwaka huo, na aliondoka namna gani. Waulize wazee wa barabara ileile, wanakumbuka. Habari ya shamba la Nabothi tunaihubiri kila mwaka, na wengine kati yetu wanaishi ndani yake.

Uliza tena kama nyumba ni ya urithi. Kwa sheria ya familia, watoto wa marehemu wanapata robo tatu ya mali yake, wa ndani na wa nje ya ndoa kama amewatambua. Mtoto mkubwa akiuza peke yake, wadogo zake wanaweza kukushtaki hata miaka mingi baadaye. Mjane naye ana haki zake. Usisaini mahali ambapo mama mjane amekaa jikoni na hajaitwa sebuleni.

Haki ya udongo haifiki chini. Madini ni ya Serikali, na inaweza kumpa mtu mwingine kibali juu ya mahali pako. Mwaka 2014 huko Kasulo, Kolwezi, mtu alichimba choo akakuta kobalti, na mtaa mzima ukajaa mashimo mpaka ndani ya nyumba. Uulize pia kadastri ya migodi. Usisahau madeni ya SNEL na REGIDESO, maana anayekaa ndani ndiye anayekatiwa.

Sasa hesabu. Tuseme vyumba viwili vya anekse vinakugharimu dola 4,000, na kila kimoja kinapangishwa dola 30 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 720, lakini hesabu miezi kumi tu, kwa sababu wapangaji wanahama na wengine wanachelewa: 600. Toa 100 ya mabati na choo. Zinabaki 500, kabla ya ushuru wa mkoa juu ya mapato ya nyumba, ambao kiwango chake ukiulize DRHKAT wewe mwenyewe, si kwa kamisioneri. Ni miaka nane na zaidi kurudisha pesa yako. Kwa hiyo tunawaambia wanaoanza: usikope kwa riba ya kila mwezi. Jenga na likelemba, tofali kwa tofali, na kama una lupango yenye sertifika, anza hapo kabla ya kutafuta nyingine.

Juu ya wapangaji, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza kudai garantii zaidi ya miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa. Bado tunasikia waamini wanaodai sita, wakimdai mshiriki wa kwaya ileile. Mkataba uandikwe, na garantii isiliwe, kwa sababu siku ya kuirudisha inakuja.

Yule ndugu wa Kikula hakurudishiwa pesa yake. Sasa anajenga chumba kimoja nyuma ya nyumba anayokaa, Panda, ambayo sertifika yake iko kwa jina lake na la mke wake. Wiki iliyopita alifika kwenye linto. Mabati bado.