Je, Uvumilivu Waweza Kufundishwa Shuleni?

Mkulima apandaye mche wa kahawa leo hungoja kama miaka mitatu kabla ya kuchuma mazao yake ya kwanza. Mwanawe aliyesoma pengine hashindi hata wiki moja na mshahara wake: aupokea leo, kesho umekwisha. Ndipo wazee huuliza, elimu yafaa nini ikiwa haimfundishi mtu kuvumilia? Ni swali la haki, wala halitoshi kujibiwa kwa methali peke yake.

Wataalamu wamelichunguza. Katika shule za msingi za mji wa Istanbul, nchi ya Uturuki, walimu waliwafundisha watoto wa miaka kama 9 kuwaza siku za mbele: nikitumia vyote leo, kesho nitakuwa katika hali gani? Baadaye kila mtoto alipewa hiari ya kupokea zawadi chache mara moja, au nyingi zaidi akikubali kungoja. Waliofundishwa walikubali kungoja kuliko wenzao wasiofundishwa, na baada ya karibu miaka mitatu tofauti hiyo ilikuwa ikionekana bado. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2018. Basi uvumilivu si jambo la kuzaliwa nalo tu, hufundishika.

Lakini kuna jambo la pili. Mwaka 2013 ilitangazwa habari ya watoto 28 wa mji wa Rochester, Marekani, walioahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea. Nusu yao waliletewa. Nusu waliambiwa ya kwamba havipo. Kisha kila mtoto aliwekewa peremende laini moja, akaambiwa ya kwamba asipoila upesi atapata ya pili. Wale waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani dakika 12. Waliovunjiwa ahadi, dakika 3 tu. Hawa wa pili hawakuwa wapumbavu, maana walikuwa wamekwisha kujifunza ya kwamba neno la mkubwa si la kutegemewa.

Hayo yatuhusu sisi wazazi. Baba amwahidiye mtoto kalamu mpya baada ya mavuno, kisha asimnunulie, amemfundisha kula vya leo leo. Mwalimu aweza kufundisha kungoja. Lakini ni juu yetu nyumbani kumwonyesha mtoto ya kwamba angojaye hupata.