MLIMAU KATIKA DEBE

Ndugu mkulima wa skimu, huenda una mtoto au ndugu anayekaa Nairobi katika mitaa ya Eastlands: Kaloleni, Bahati, Jericho, Buruburu au Umoja. Ukienda kumtembelea utaona mlangoni, au kwenye roshani ya ghorofa, mti mdogo wa limau uliopandwa katika debe. Ni jambo jema. Mlimau mmoja ukitunzwa vizuri huipatia nyumba malimau ya chai na ya mboga. Lakini mti huohuo waweza kuleta hasara shambani kwako. Soma ujue yote mawili, kisha umweleze na yule anayekaa mjini.

MCHE. Mbegu ya limau huota, lakini utangoja miaka mitano au zaidi kabla ya kuona tunda. Afadhali kununua mche uliobebeshwa, ambao huanza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu. Tazama shina: utaona kovu mahali walipounganisha miti miwili. Kovu hilo lisifukiwe kamwe. Machipukizi yakitokea chini yake, yakate upesi, maana hayo ni ya mti wa chini, nayo yatanyang'anya mti wako chakula.

UDONGO. Udongo wa sehemu nyingi za Eastlands ni ule mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Hushika maji mno, na mizizi ya mlimau huoza ikikaa majini. Ndiyo sababu debe lafaa kuliko shimo. Toboa matundu sita au zaidi chini ya debe, uliweke juu ya mawe mawili ili maji yatoke. Changanya makarai mawili ya udongo mwekundu, karai moja la samadi iliyooza na karai moja la mchanga. Weka mti mahali penye jua muda wa saa sita kwa siku. Ukikua, uhamishie katika nusu ya pipa.

MAJI. Mitaani maji ya mfereji hayaji kila siku, kwa hiyo maji yaliyooshea mboga yasimwagwe. Tia kidole udongoni. Ukiona pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Mwezi wa Januari na Februari mti utataka maji mara nyingi. Juni mpaka Agosti, mara chache. Kila mwezi ongeza konzi moja ya samadi, mbali na shina.

WADUDU. Ukiona juu ya jani kitu kama kinyesi cha ndege kinachotembea, huyo ni kiwavi wa kipepeo. Mwondoe kwa mkono. Vidukari huondoka ukiwaosha kwa maji ya sabuni ya kipande.

Sasa sikiliza jambo kubwa kuliko yote. Yuko mdudu mdogo sana afyonzaye majani machanga, akayaacha na vinundu juu na vishimo chini. Mdudu huyu apenda nchi za juu zenye ubaridi, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Yeye ndiye huchukua ugonjwa wa ukijani. Mti ulioshikwa huzaa matunda madogo yaliyopinda, machungu, yanayobaki kijani upande mmoja hata yakiiva. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya.

Si kila jani la manjano ni ugonjwa. Chukua jani, ulikunje katikati, ulinganishe pande mbili. Zikifanana, yaelekea mti una njaa tu, uongeze samadi. Lakini ikiwa upande mmoja una mabaka na wa pili hauna, ni dalili mbaya. Mwite afisa wa kilimo autazame. Akihakikisha ni ukijani, ng'oa mti pamoja na mizizi, uuchome. Najua inauma kung'oa mti ulioutunza miaka mitatu, lakini ukiubakiza, wadudu watauchukua ugonjwa mpaka kwa jirani.

Na hapa ndipo wewe wa skimu unapohusika. Usichukue mche wala kijiti cha kubebesha kutoka debe la mtaani, au kwa mwuzaji wa kando ya barabara usiyemjua, ukaupeleka nyumbani. Mche mmoja mgonjwa waweza kuangamiza michungwa ya kijiji kizima. Nunua katika kitalu kilichokaguliwa. Afya ya mimea nchini husimamiwa na KEPHIS, na watu wa KALRO waweza kukuelekeza. Au muulize Bwana Shamba wa kata yako.

Basi, mjini na shambani, kila mmoja atazame majani ya mti wake leo. Kumwonea haya mtoto wako kwa kukataa zawadi ya mche ni jambo la siku moja. Kupoteza michungwa yako ni hasara ya miaka mingi.