Simu iliyolowa haitibiwi kwa maikrowevu

Masika yakikolea Mwanza, Mto Mirongo huvimba, na kesho yake meza za mafundi simu hujaa wagonjwa waliolowa. Wengi wameshapewa huduma ya kwanza nyumbani: huyu amefukiwa kwenye ndoo ya mchele, yule ameanikwa juani. Ipo na tiba ya tatu, ambayo mtu huiulizia kwa sauti ya chini: dakika moja tu kwenye maikrowevu. Kama inapasha wali wa jana, itashindwaje kukausha simu?

Itashindwa, kwa sababu maikrowevu si jiko. Moyo wake ni magnetroni, kifaa kinachorusha mawimbi yanayotetema mara bilioni 2.45 kwa sekunde. Molekuli za maji katika chakula huhangaika kuyafuata, zikasuguana, wali ukapata moto. Metali ina mambo mengine: elektroni zake ziko huru, na wimbi huzisukuma huku na huko. Mwendo huo ndio umeme.

Sasa pima. Wimbi hilo lina urefu wa sentimita 12 hivi, na simu nyingi za leo zinakaribia 15. Ukiiweka humo, simu nzima inageuka antena. Njia za shaba kwenye bodi, nyembamba kuliko unywele, huungua kama fyuzi. Transista zilizo ndani ya chipu, ambazo kihami chake kina unene wa nanomita chache, hutoboka. Cheche huruka penye ncha. Sekunde chache zinatosha, na maji bado yamo.

Betri ndiyo ya kuogopwa zaidi. Betri ya lithiamu ni foili za alumini na shaba zilizokunjwa pamoja na kimiminika kinachoshika moto. Ikizidiwa na joto huvimba, hupasuka, kisha huwaka kwa moto unaojichochea wenyewe. Moshi wake unaweza kuwa na haidrojeni floraidi, gesi inayounguza macho na mapafu. Chumba kimoja cha kupanga chenye kidirisha kidogo si mahali pa kukutana nayo. Septemba 2014 ulienea uzushi mtandaoni kwamba iPhone inaweza kuchajiwa kwa maikrowevu, hadi polisi wa Los Angeles wakatoa onyo. Usicheke sana.

Tena, kukausha peke yake hakuponyi. Maji ya mto uliokatiza jiji zima yana chumvi, sabuni na mengine nisiyotaka kuyataja gazetini. Maji yakiondoka, hayo hubaki kwenye bodi, na umeme ukipita shaba inaliwa mpaka inaota ukijani. Zima simu, usiichaji, toa laini, mpelekee fundi aifungue na kuisafisha bodi kwa spiriti. Mchele uache kwenye sufuria: mwaka 2024 hata Apple iliwaambia wateja wake kwamba chembe zake ndogo zinaweza kuiharibu simu.

Fundi naye ana la kuchunga siku akiletewa maikrowevu iliyokufa. Transfoma yake huupandisha umeme wa TANESCO, volti 230, hadi kama 2,000. Kapasita na dayodi huufikisha karibu 4,000. Kapasita hiyo inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Mikono iliyozoea simu ya volti 4 isiiguse bila mafunzo.

Kwenye maikrowevu nzima, mlango ukifungwa, wavu wa metali kwenye kioo huyazuia mawimbi karibu yote. Kiasi kidogo kinachopenya hakimdhuru mpishi, ila Wi-Fi inayotumia masafa hayohayo inaweza kukwama chakula kikipashwa. Huko Australia, wataalamu wa darubini ya redio ya Parkes walinasa ishara za ajabu tangu 1998. Mwaka 2015 wakakijua chanzo: jikoni kwao, mtu alikuwa akifungua mlango wa maikrowevu kabla haijamaliza.