Msimu wa kusi, ghala letu ni maji ya kina kifupi

Na Mwandishi Wetu

Ifikapo mwezi wa Juni, kipupwe huwa kimekwisha kuingia katika mwambao wetu, kutoka Tanga hadi Mtwara. Upepo wa kusi, ambao huanza kuvuma mnamo Aprili, huwa umepata nguvu zake zote. Maji ya bahari, ambayo wakati wa kaskazi huwa na joto la nyuzi 28 au 29, hupoa hadi kufikia nyuzi 25 hivi. Mvuvi mwenye ngalawa huyatazama mawimbi yanayopasuka nje ya mwamba, akaiacha ngalawa yake ufukoni.

Je, jamaa ya mvuvi huyo itakula nini mpaka kusi itulie? Jibu limo ndani ya mwamba, katika maji ambayo mtu huweza kuyavuka kwa miguu.

Mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua. Siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kufikia karibu mita nne. Katika Unguja na Dar es Salaam, maji ya bamvua hupwa sana mnamo saa nne au saa tano za asubuhi, mchana kweupe, na sehemu kubwa ya pwani hubaki kavu. Hapo ndipo akina mama hushuka na vikapu vyao, wengine wakitafuta chaza na kombe, wengine wakichokoa mashimo ya pweza kwa ufito wa chuma. Wanaume nao huenda kuyatazama madema waliyoyatega penye majani ya bahari, ambamo tasi huingia, na nyando walizozijenga kwa fito ili samaki wanaofuata maji wazuiliwe maji yanapopwa. Kazi hizi hazihitaji mashine wala mafuta. Zinahitaji mtu aijue kalenda ya mwezi, na aujue mwamba wake kama aujuavyo ua wa nyumba yake.

Lakini maji hayo si ghala tu, bali pia ni kitalu. Samaki wengi ambao baadaye huvuliwa kwenye kina kirefu hukulia humo, katika mikoko, majani ya bahari na matumbawe. Anayepaharibu mahali hapo huharibu chakula cha kipupwe na cha kaskazi pia.

Nao waharibifu wamekuwapo. Kwa miaka mingi mwambao wa Tanzania Bara ulisumbuliwa na wavuvi wa baruti, licha ya sheria kuikataza. Mlipuko mmoja huua wakubwa na wachanga pamoja, na kuyavunja matumbawe ambayo huchukua miaka mingi kukua tena. Juya linalokokotwa chini nalo hung'oa majani na kuzoa vitoto vya samaki.

Hata pweza hajasalimika. Kiumbe huyu hukua upesi ajabu, lakini maisha yake ni mafupi, kiasi cha mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai yake bila kula, kisha hufa. Akichokolewa angali mdogo, hakuachi kizazi. Ndiyo maana Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 za Tanzania Bara zinakataza kuvua pweza asiyefikia nusu kilo.

Hata hivyo sheria peke yake haitoshi bila wananchi wenyewe kuamua. Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, nchini Madagaska, walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Walipoifungua walipata pweza wazito zaidi, na vijiji vingine vikaiga. Baadaye baadhi ya vijiji vya Pemba na Mafia navyo vilianza kuufunga mwamba kwa zamu. Kwa mama anayetegemea kikapu kimoja cha bamvua, kungoja si jambo dogo. Kwa hiyo uamuzi huo hufaa ufanywe na kijiji kizima, akina mama wakiwamo.

Sisi wakazi wa mjini tusidhani kwamba hayatuhusu. Samaki aliyeuawa kwa baruti huletwa sokoni kuuzwa kwetu. Mara nyingi nyama yake huwa laini kupita kiasi, mifupa ya mgongo imevunjika, na ndani ana damu iliyovilia. Mama au baba anayekwenda sokoni na amtazame samaki vizuri kabla ya kutoa fedha, na amkatae wa namna hiyo, hata kama bei yake ni nafuu. Vilevile asinunue pweza mchanga. Mharibifu huvua kwa sababu ana mnunuzi, akimkosa, ataacha.