Kabla ya Brashi: Kuviandaa Visanamu vya Plastiki kwa Rangi Mpya

Neno sanamu liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka lina uzito wa kitu kinachoabudiwa. Likivishwa kiambishi cha udogo, uzito huo huliondoka, nasi tukabaki na kisanamu: kitu kinachoweza kusimama juu ya kidole gumba. Makala haya yanahusu visanamu vya aina moja mahususi, yaani vile vya plastiki vinavyotumiwa katika michezo ya mezani, ambavyo hutoka kiwandani vikiwa vimekwisha kupakwa rangi na ambavyo wachezaji wengi hupenda kuvipaka upya. Tutajishughulisha hasa na kazi inayotangulia brashi. Hiyo ndiyo inayoamua iwapo rangi itadumu au itabanduka, nayo ndiyo hupotoshwa zaidi, kwa kuwa maelekezo mengi yanayopitishwa mkono kwa mkono yalikusudiwa plastiki nyingine kabisa.

Michezo ya vita ya mezani ni mikongwe kuliko plastiki zenyewe. Mwandishi wa riwaya wa Uingereza, H. G. Wells, alichapisha kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea katika kitabu chake Little Wars mwaka 1913. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons, mchezo ambao kila mshiriki huvaa uhusika wa shujaa mmoja. Kwa miaka mingi visanamu vya michezo hiyo vilisubuwa kwa madini, na aliyevinunua ndiye aliyevipaka rangi. Mambo yalibadilika mwaka 2000, kampuni ya WizKids iliyoasisiwa na Jordan Weisman ilipotoa Mage Knight. Hapa kisanamu kiliuzwa kikiwa na rangi zake, kimesimama juu ya kitako chenye kisahani cha kuzungushwa kinachoonyesha nguvu zilizosalia. HeroClix ilifuata mwaka 2002. Kampuni ya Wizards of the Coast nayo ikatoa visanamu vya Dungeons & Dragons kati ya mwaka 2003 na 2011, na vya Star Wars kati ya 2004 na 2010.

Vingi viliuzwa katika vijisanduku vilivyofungwa, mnunuzi asijue ndani mna nini. Matokeo yake ni kwamba mtu angeweza kujikuta na mapacha wanne wa askari mmoja huku akimkosa yule aliyemtamani. Fauka ya hayo, rangi za kiwandani ni chache, na hupakwa kwa haraka. Si ajabu kuona jicho limehamia shavuni. Hizo ndizo sababu mbili kuu za kupaka upya: kuwatofautisha mapacha, na kumrudishia mhusika uso wake.

Sasa tuitazame plastiki yenyewe. Kiswahili, sawa na lugha nyingine nyingi, hutumia neno hilo moja kwa vitu vyenye tabia zinazokinzana. Vifaa vya kuunganisha vya ndege na vifaru vinavyouzwa vipande vipande hutengenezwa kwa polistirini, plastiki ngumu inayokwanguka vizuri na kuvunjika ikikunjwa. Visanamu vilivyopakwa rangi kiwandani kwa kawaida ni vya PVC. Plastiki hii kwa asili ni ngumu, kama mabomba ya maji yanavyotuonyesha, lakini huchanganywa na kemikali za kuilainisha ili isivunjike mchezoni. Kemikali hizo, ambazo tuziite vilainishi, hazikufungamana kabisa na plastiki. Huweza kusogea polepole hadi kwenye uso wake. Msomaji akilikumbuka jambo hili moja, karibu kila agizo linalofuata litajieleza lenyewe.

Ulaini huo ndio uliozaa panga zilizopinda na mikuki iliyolegea. Kisanamu hutolewa katika kalibu kingali na joto, kikabanwa ndani ya pakiti, na upanga ukapoa ukiwa umepinda. Kuukunja kwa vidole peke yake hakufai, kwani baada ya saa chache hurudi ulikokuwa. Wahenga walinena samaki mkunje angali mbichi. Bahati njema ni kwamba plastiki hii, tofauti na samaki, inaweza kurudishwa ubichi. Chemsha maji, yaepue, kisha tumbukiza sehemu iliyopinda kwa muda wa nusu dakika hivi, ukiishika kwa koleo au kijiko. Mara nyingi upanga hunyooka wenyewe, kwa sababu plastiki hukumbuka umbo iliyolipata katika kalibu. Usiponyooka, unyooshe kwa vidole, kisha uuzamishe papo hapo katika maji baridi sana, ikiwezekana yenye barafu, ukiendelea kuushikilia. Baridi ndiyo inayolifunga umbo jipya. Kwa visanamu vyenye kisahani cha kuzungushwa, ni busara kukiondoa kisanamu juu ya kitako kwanza kwa kupenyeza kisu chembamba chini ya nyayo, maana maji yakiingia ndani yanaweza kuziharibu namba zilizochapwa humo.

Baada ya kunyoosha huja kuosha. Uso wa kisanamu huwa na mabaki ya mafuta yanayotumiwa ili kitoke katika kalibu bila kung'ang'ania, pamoja na jasho la mikono ya wachezaji. Fundi yeyote anayepaka kuta anajua kwamba rangi haishiki juu ya grisi. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki laini vinatosha. Kiache kikauke chenyewe kwa usiku mmoja, kwani maji hujificha kwapani na katika mikunjo ya joho.

Kazi inayodai subira zaidi ni kuondoa mshono wa kalibu, ule ukingo mwembamba unaopita ubavuni pale pande mbili za kalibu zilipokutana. Kwenye polistirini mtu hukwangua kwa mgongo wa kisu au kupiga msasa, na mambo yakaisha. Kwenye PVC laini, msasa na tupa huvuruga uso na kuacha nyuzinyuzi kama za kitambaa kilichochakaa, na nyuzi hizo huonekana zaidi rangi ikishapakwa. Dawa yake ni kukata badala ya kukwangua: kisu chenye makali mapya, kilazwe karibu sambamba na mwili, kipitishwe taratibu, kikielekezwa mbali na vidole. Mshono unaopita usoni ni heri uachwe ulivyo kuliko kumnyofoa mtu pua.

Je, rangi ya kiwandani iondolewe? Wengi hudhani ni lazima, na hapa maoni yangu ni kinyume. Kwanza, sehemu ya rangi tunayoiona mara nyingi si rangi iliyopakwa bali ni plastiki yenyewe iliyotiwa rangi kabla ya kusubu. Haiondoki hata ungeisugua mwaka mzima. Pili, rangi ya kiwandani kwa kawaida ni nyembamba na imeshika barabara, hivyo inafaa kuwa tabaka la chini. Tatu, viyeyusho vikali vina hatari. Asetoni, ile inayotumiwa kuondolea rangi ya kucha, huivimbisha PVC na kuilegeza. Thina za mafundi wa magari nazo ni za kuogopwa. Pale tu ambapo rangi imekuwa nene hata ikafukia mikunjo ya nguo ndipo pana haja ya kuiondoa, na hata hapo ijaribiwe kwanza dawa isiyo kali, juu ya pacha asiyependwa.

Hatua ya mwisho ina utata wa istilahi ambao unaweza kumgharimu mtu kisanamu. Mafundi wetu hutumia maneno praima na andakoti, na aghalabu kwa kubadilishana. Katika kazi hii ni vyema kuyatenganisha. Andakoti hutoa rangi ya chini ili ile ya juu ionekane sawasawa. Praima hushikamanisha: upande mmoja huikamata plastiki, upande wa pili huikamata rangi. Ningependekeza rangi shikizi kwa hii ya pili, ili jina litaje kazi yake badala ya nafasi yake katika foleni. Anayedhani ni rangi ya kwanza tu atachukua kopo lolote la kupuliza. Viyeyusho vya baadhi ya makopo hayo hukutana na vilainishi vya PVC, na utando unaotokea haukauki. Wiki kadhaa baadaye kisanamu kingali kinanata na kuokota vumbi, na matabaka yanayoongezwa juu huenda yasisaidie kitu.

Njia salama zaidi ni rangi shikizi ya akriliki inayoyeyushwa kwa maji, ipakwe kwa brashi katika matabaka mawili membamba, la kwanza likikauka kabisa kabla ya la pili. Anayeshikilia kupuliza na ajaribu kwanza chini ya kitako, asubiri siku mbili, kisha abonyeze kwa ukucha. Ukucha ukiacha alama, au ncha ya kidole ikanata hata kidogo, kopo hilo halifai kwa kisanamu hicho. Ikiwa pamekauka na rangi haikwanguki, kitako kinaweza kurudishwa kwa tone la gundi ya sianoakrilati, kwa kuwa gundi ya vifaa vya polistirini haiishiki PVC, na brashi ikachovywa.