Sura ya Nne: Wastani Hauoteshi Mahindi

Chukua mashamba mawili ya mahindi ambayo kila moja limepata milimita 600 za mvua msimu huu. La kwanza limenyeshewa siku 40, kama milimita 15 kila mara, na ardhi ikapata nafasi ya kunywa kabla ya mvua nyingine kuja. La pili limenyeshewa siku 15 tu, milimita 40 kwa mkupuo, na katikati ya msimu, mahindi yalipokuwa yanatoa mbelewele na ndevu, zikapita wiki tatu bila tone. Kwenye daftari la kituo cha hali ya hewa, mashamba haya ni pacha. Ghalani, moja limetoa magunia na lingine limeacha mabua ya kulisha ng'ombe.

Mashamba hayo ni ya kubuni, ila hesabu yake wakulima wanaijua. Joto la dunia linapojadiliwa, swali la kwanza huwa ni kama mvua itaongezeka au itapungua. Hilo ni swali la jumla. Mkulima, mfugaji na mhandisi wa bwawa wanaishi kwa kitu kingine: kuyumba kwa mvua, yaani inavyotofautiana siku na siku, msimu na msimu, mwaka na mwaka. Sura hii inahusu kuyumba huko, kwa kuwa joto linazidisha kuyumba hata mahali ambapo jumla ya mvua imebadilika kidogo tu.

Pengo kati ya 7 na 2

Katika karne ya 19, Mfaransa Émile Clapeyron na Mjerumani Rudolf Clausius waliweka msingi wa kanuni inayounganisha joto na mvuke. Kwa kanuni hiyo, kila hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa takriban asilimia 7. Tangu mwishoni mwa karne hiyo hiyo, dunia imeshaongeza zaidi ya nyuzi 1.

Mtu angetarajia basi kwamba mvua ya dunia nzima nayo ipande kwa asilimia 7 kwa kila nyuzi. Haipandi hivyo. Hupanda kwa asilimia 2 hivi. Sababu ni kwamba mvuke unapogeuka matone mawinguni huachia joto, lile lile lililotumika kuuinua kutoka baharini. Ili mvua iendelee kunyesha, angahewa lazima ilitoe joto hilo kwa mionzi, na kasi yake ya kupoa huongezeka polepole. Uwezo wa kubeba maji unakwenda mbio, ilhali ruhusa ya kuyamwaga inatembea.

Ni kama nyumba iliyobadilishiwa tangi: limewekwa kubwa zaidi, lakini bomba linalolijaza limepanuliwa kidogo tu. Tangi sasa huchukua muda mrefu zaidi kujaa, na siku likimwagwa lote, ua mzima hugeuka bwawa. Vipindi vikavu vinavyorefuka na mvua kubwa zinazozidi ukubwa hutoka katika pengo hilo moja, la 7 na 2.

Mawingu yenyewe huzidisha mambo. Joto linaloachiwa ndani ya wingu huisukuma hewa juu, nayo huvuta mvuke zaidi kutoka pembeni. Ndiyo maana mvua kali ya saa moja au mbili huweza kuongezeka hata kupita ile asilimia 7. Lakini hewa iliyopanda lazima ishuke mahali pengine, na inakoshuka huzuia mawingu yasijengeke. Wilaya moja inazama na jirani yake inatazama mbingu za buluu.

Dalili zake zimeshaonekana katika vipimo. Mwaka 2024 watafiti kutoka China na Uingereza walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa kumbukumbu za mvua tangu mwaka 1900. Waliona kwamba kuyumba kwa mvua kumeongezeka katika asilimia 75 hivi ya nchi kavu waliyoichunguza, na kwamba tofauti za siku kwa siku zimekua kwa wastani wa asilimia 1.2 kila mwongo. Asilimia 1.2 ni ndogo mpaka ukumbuke kuwa inarudiwa mwongo baada ya mwongo.

Hewa yenye kiu

Hewa yenye uwezo wa kubeba mvuke zaidi hainyeshi tu zaidi, pia hunyonya zaidi. Siku isiyo na mvua, hufyonza unyevu wa udongo, majani na mabwawa kwa nguvu kubwa kuliko zamani. Kwa hiyo upungufu wa mvua ambao babu zetu waliuvumilia unaweza leo kuleta ukame kamili, kwani kidogo kilichonyesha hakikai ardhini.

Hilo lilionekana Pembe ya Afrika. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa kaskazini na mashariki mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipouchunguza ukame huo, walikadiria kuwa joto lililosababishwa na binadamu lilifanya uwezekano wa ukame wa aina hiyo uwe mkubwa takriban mara 100. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na unyevu unaopotea hewani.

Vuli inayotawaliwa na bahari

Afrika Mashariki ina misimu miwili mikuu ya mvua katika maeneo yaliyo karibu na ikweta: masika, kati ya Machi na Mei, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Yote miwili hufuata jua na kubadilishana kwa pepo za kusi na kaskazi, lakini tabia zake hazifanani. Vuli ndiyo inayoyumba zaidi mwaka hadi mwaka, na usukani wake uko Bahari ya Hindi.

Kuna miaka ambayo maji ya bahari upande wetu hupata joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Sumatra yakapoa. Mawingu hufuata joto, mvua ikahamia Afrika Mashariki, na Indonesia ikakauka. Mwaka 1999 watafiti nchini Japani waliueleza mtindo huu na kuupa jina Daipoli ya Bahari ya Hindi. Vuli kubwa zinazokumbukwa zina alama yake. Mvua za mwaka 1961 zilianza kulipandisha Ziwa Victoria, na hadi 1964 lilikuwa limeinuka zaidi ya mita 2. Vuli ya 1997 iliambatana na El Niño, na wengi bado huiita kwa jina hilo, mvua za El Niño. Vuli ya 2019 ilichangia ziwa hilo kuvunja rekodi ya 1964 ilipofika Mei 2020. Na vuli ya 2023 ilikuja mwaka mmoja tu baada ya ukame tulioutaja, ikafurika Garissa na Mandera. Desemba mwaka huo, tope lililoporomoka kutoka mlima Hanang liliufunika mji wa Katesh.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba, kama gesi joto zitaendelea kumwagwa kwa wingi, Daipoli kali zilizokuwa zikitokea takriban mara moja kila miaka 17 katika karne ya 20 zitatokea kila miaka 6 hivi katika karne hii. Mvua ambayo baba alikuwa akiihadithia kama ya ajabu, mtoto ataiona mara kadhaa kabla hajaota mvi.

Masika na fumbo lake

Masika imekwenda njia nyingine. Tangu miaka ya 1980 ilielekea kupungua na kufupika: katika sehemu kubwa ya ukanda wetu ilichelewa kuanza na ikawahi kukatika. Mifumo ya kompyuta inayotabiri tabianchi, kwa upande wake, mingi husema mvua za ukanda huu zitaongezeka. Mgongano huo umepewa jina la fumbo la Afrika Mashariki. Halafu ikaja masika ya 2018, ya 2020, na ya 2024, iliyozamisha vijiji vya Rufiji na mitaa ya Nairobi. Anayetafuta mstari ulionyooka, wa kupanda au wa kushuka, hataupata. Ataona mistari inayopanuka pande zote mbili.

Kujenga kwa ajili ya kuyumba

Miundombinu yetu mingi ilipigiwa hesabu za jana. Mhandisi anayepanga daraja au makalavati huchukua kumbukumbu za miaka iliyopita, akatafuta mvua inayokuja mara moja katika miaka 50, akajenga kwa kipimo hicho. Kama mvua hiyo sasa inakuja mara nyingi zaidi, daraja limeshakuwa dogo hata kabla saruji yake haijazeeka. Bonde la Rufiji linaonyesha pande zote mbili. Ukame ulipolikausha bwawa la umeme la Mtera, Tanzania iliingia katika mgao mkali wa umeme mwaka 2006. Bonde hilo hilo, kwa chini, lilikuwa chini ya maji Aprili 2024.

Hata hivyo mvua kubwa si hasara tupu. Makutapora, karibu na Dodoma, kuna visima vinavyotoa maji ya mji, na kina cha maji yake kimepimwa kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya miaka 55. Mvua za kawaida zilikuwa haziongezi karibu chochote chini ya ardhi, kwa kuwa udongo na jua huzimaliza. Maji ya chini yalipanda kwa kishindo katika misimu michache yenye mvua nyingi kupita kiasi, mara nyingi ile ya El Niño na Daipoli, kisha yakashuka polepole kwa miaka.

Funzo la Makutapora ni la kihasibu: katika nchi kame, mapato ya maji huja mara chache na kwa wingi, lakini matumizi ni ya kila siku. Basi kazi ni kuyapokea yanapokuja. Makingamaji ya fanya juu yaliyozoeleka Machakos, mabwawa ya mchanga ya Kitui, visima vya kuvunia maji ya paa na mabonde yaliyoachwa wazi ili mito ifurike bila kuua mtu, vyote hufanya kazi hiyo moja ya kupunguza mwendo wa mvua kubwa mpaka ardhi iinywe. Mji unaochimba visima huku ukijenga nyumba juu ya mabonde ya mafuriko unaziba kwa mikono yake mlango ambao maji yake huingilia.